Hela inaelekea wapi? Jinsi ya kuwajua matapeli wa kazi za nyumbani na uwekezaji wa kwenye simu

Mimi ni wakala wa miamala, kibanda changu kipo Kirumba hapa Mwanza, ukitoka soko la samaki la Mwaloni na ndoo yako ya dagaa unapita mbele yangu kabla hujapanda daladala. Naandika hii kwa sababu hela nyingi za watu nimeziona zikienda kwa matapeli, na zingine nimezituma mimi mwenyewe kwa vidole vyangu, mtu kaja na namba kaiandika kwenye kipande cha boksi, anasema nisaidie mwanangu macho yangu mabovu, nami nikatuma. Siku hizi situmi kabla sijauliza. Maswali ninayouliza dirishani ndo nataka na wewe uwe nayo, maana wengi hawaji kwa wakala, wanatuma kwa simu zao wako kitandani saa tano usiku na hakuna wa kuwauliza chochote.

Nianze na mama mmoja. Ni mchuuzi wa dagaa, hatuna udugu wa damu ila namwita mama mdogo kwa jinsi tulivyozoeana. Ilikuwa kipindi cha mbalamwezi, na watu wa ziwani mnajua mbalamwezi ikiwaka mitumbwi ya dagaa inapumzika, mwanga wa taa haushindani na mwezi, kwahiyo sokoni hela inakuwa ngumu na watu wanakaa sana na simu. Akaja dirishani akafungua pindo la khanga, akasema, "Mwanangu, niwekee hii kwenye simu afu unisaidie kuituma. 82,400." Hiyo mia nne ya mwishoni ndo ilinishtua, mtu wa sokoni hatumi hela yenye mia nne. Nikamuuliza, "Mama mdogo, ya nini hii?" Akasema ya kodi. Akanionyesha simu yake, kuna aplikesheni ina rangi ya kijani na picha ya jengo refu, imeandikwa salio lako ni 412,000. Yeye alikuwa ameweka 150,000 tu. Akaniambia akaunti imegandishwa mpaka alipe kodi ya asilimia 20, akishalipa anatoa zote.

Nikaingiza namba, likaja jina la mtu, mwanaume wa kawaida, sio kampuni. Nikamwambia mama mdogo hili jina ni la mtu binafsi. Akasema, "Huyo ndo mhasibu wao." Nikatuma.

Kesho yake wakataka tena 60,000 ya uhakiki, akakopa akatuma. Siku ya tatu alikuja bila hela, akanipa simu kwa mikono miwili, akaniuliza, "Mwanangu, hebu angalia, leo mtandao unasumbua?" Mtandao ulikuwa mzuri tu. Walikuwa wameshamtoa kwenye grupu.

Swali ambalo ningemuuliza siku ile ya kwanza, na nimelijutia mpaka leo, ni hili: kama humo ndani kuna 412,000 yako na kuna kodi, kwanini wasikate humo humo? Wachukue 82,400 yao, wakupe 329,600 yako, mmalizane. Hakuna tapeli mwenye jibu la swali hili. Atakuambia mfumo hauruhusu, atakuambia ni sheria ya kimataifa, atakuambia ni Benki Kuu imeagiza, lakini kukata humo humo hawezi kwa sababu humo hamna kitu, ile 412,000 ni maandishi tu, mtu kakaa mahali akachapa tarakimu. Kodi ya kweli ya serikali inalipwa kwa kontrol namba, haitumwi kwenye laini ya mtu, na ile inayokatwa kwenye riba ya akiba inakatwa kabla hela haijakufikia.

Kwahiyo kitu cha kwanza kabisa, kabla ya kuangalia logo na cheti na picha za ofisi, angalia hela inaelekea wapi. Kwenye kazi hela inatoka kwa anayekuajiri inakuja kwako. Ikianza kutoka kwako kwenda kwake, iwe wameita usajili, mtaji, dhamana, kodi, uhakiki, kupanda levo au ya kutolea, simama hapo hapo.

Wanavyoanza

Wavuvi wa dagaa hawamfukuzi dagaa ziwani. Wanawasha taa usiku wa giza, wanatulia, dagaa anakuja mwenyewe mpaka chini ya mwanga afu ndo wavu unapanda. Hawa nao ni hivyo hivyo, na taa yao ni hela ndogo ya kweli.

Unapata meseji ya WhatsApp, mara nyingi namba inaanza na tarakimu za nchi usiyoijua, au unatolewa kwenye Facebook, TikTok au Instagram unapelekwa Telegram. Anajitambulisha dada mpole, jina la kizungu, Kiswahili chake kimenyooka kupita kiasi kama kimetafsiriwa na mashine. Kazi ni rahisi, unalike video za YouTube, au unaweka nyota tano kwenye hoteli, au unaangalia matangazo dakika kumi kwa siku. Unafanya. Afu, sikiliza hapa, wanakulipa. 3,000 inaingia kweli kwenye simu yako, unakuja kwangu unaitoa, unanunua sato wa jioni. Siku ya pili 5,000. Hapo ndo watu wanaponiambia "mbona mimi nimelipwa", na mimi nawajibu ndiyo, hata mwenye migonzo, zile ndoana za sangara, anatoa chambo, na chambo chenyewe ni kizuri, kipo hai. Kulipwa mara mbili mara tatu mwanzoni sio ushahidi kwamba ni kweli. Ni gharama yao ya kukupata wewe.

Baada ya siku tatu nne unaambiwa sasa kuna kazi za kulipia kabla, au uingie VIP 1, VIP 2, VIP 3, kila levo na bei yake. VIP 1 unaweka 60,000 unapata 3,000 kila siku. Unawekwa kwenye grupu la watu mia mbili, wanatupia skrinshoti za miamala asubuhi mpaka usiku, asante admini nimetoa laki nne, asante nimemalizia kuezeka. Wengi wa hao ni wao wenyewe kwenye laini tofauti, na skrinshoti inatengenezwa kwa dakika mbili kwenye simu. Angalia kitu kimoja kwenye hayo magrupu: hakuna anayelalamika. Hata kwenye kikoba cha watu kumi wanaopendana kuna mtu analalamika. Kule hakuna kwa sababu ukiuliza tu mbona sijapata hela yangu unatolewa ndani ya dakika, na wenzako hawajui kama uliuliza.

Hesabu ya 3,000 kwa siku

Hapa nakaa kidogo kwa sababu hii ndo inawapata hadi wasomi, walimu, wanafunzi wa chuo, watu wanaojua hesabu kuliko mimi. 3,000 inasikika ndogo, nauli na chapati mbili. Lakini ni asilimia 5 ya 60,000, na ni kwa siku moja. Kwa siku 365 inakuwa 1,095,000.

Sasa weka pembeni hati fungani ya serikali ya miaka 25, ambayo ilianza kuuzwa mwaka 2021 kwa riba ya asilimia 15.95 kwa mwaka, na watu wenye hela zao waliikimbilia kwa sababu waliona ni riba nono. Kila 60,000 iliyomo humo inazaa 9,570. Kwa mwaka mzima. Serikali yenye kodi za nchi nzima inakupa 9,570 kwa mwaka, afu kijana wa Telegram usiyemjua hata kwa sura anakupa 9,000 ndani ya siku tatu? Anafanya biashara gani?

Na ukiacha faida humo izaliane, kama wanavyowahimiza watu wasitoe, asilimia 5 kila siku kwa mwaka mmoja inaifanya 60,000 iwe zaidi ya trilioni 3. Trilioni. Rudia mwenyewe kwenye kalkuleta ya simu, zidisha kwa 1.05 mara 365, utaona.

Afu kuna ile ya kuleta watu. Unaambiwa lete watano, na wao walete watano. Anza na mtu mmoja pale Kirumba. Anakuja na 5, hao wanaleta 25, wanaleta 125, 625, 3,125, 15,625, 78,125, 390,625, 1,953,125, na wakizunguka mara moja tena wanatakiwa watu 9,765,625. Mkoa wote wa Mwanza kwenye sensa ya 2022 ulikuwa na watu 3,699,872, ukihesabu na vichanga vya Ukerewe na bibi zetu wa Kwimba na Magu. Mizunguko kumi tu na watu wameisha. Kwahiyo mzunguko wa mwisho, ambao siku zote ndo wenye watu wengi kuliko mizunguko yote iliyotangulia, haumpati wa kumlipa. Hakuna ujanja wa kulikwepa hilo.

Nisieleweke vibaya kuhusu mchezo wa kina mama. Mchezo wetu wa mtaani mko 12, kila mtu anatoa 10,000, zamu yako unapokea 120,000, haizidi hata mia, na mnajuana hadi milango. Ule hauahidi faida, unakusaidia kukusanya tu. Siku ukisikia mchezo una faida ujue sio mchezo tena.

Na huu utapeli sio mpya wala sio wa intaneti. Charles Ponzi aliufanya kule Boston, Marekani, mwaka 1920, akiahidi faida ya asilimia 50 ndani ya siku 45 eti kutokana na kuponi za posta, kumbe anawalipa wa mwanzo kwa hela za waliofuata. Hapa kwetu wakubwa wanaikumbuka DECI, watu walikuwa wanatoa hela, wanaita kupanda mbegu, eti wavune zaidi, serikali ikaisimamisha 2009 na viongozi wake wakatiwa hatiani na mahakama ya Kisutu 2013. OneCoin ikaja na sarafu ya mtandaoni, ikafika mpaka kwa majirani zetu Uganda, mwanzilishi wake Ruja Ignatova akatoweka Oktoba 2017 na mwaka 2022 FBI wakamweka kwenye orodha yao ya watu kumi wanaosakwa zaidi. Halafu hapa hapa kwetu zikaja Kalynda 2023, na LBL 2025 na kuangalia matangazo. Mbegu, kuponi, sarafu, matangazo, jina linabadilika tu, na kesho litakuja lingine ambalo mimi na wewe hatujalisikia, ndo maana nasema usikariri majina.

Matapeli wa ajira

Kuna wanaokuja sio na uwekezaji bali na ajira. Kupaki kalamu nyumbani, kufunga sabuni, kuchapa kurasa kwa kompyuta, unalipia fomu 15,000 na mzigo utaletwa. Au ajira za mgodini Geita, za reli, za shirika la wazungu, umechaguliwa bila intavyuu, tuma 35,000 ya vipimo vya afya, 20,000 ya sare, na fanya haraka nafasi zimebaki mbili. Wanaoumia hapa ni vijana waliomaliza chuo wamekaa nyumbani miaka miwili na mzazi anawaangalia kila asubuhi, na wazazi ndo wanakuja kutuma hizo hela, nawajua kwa sura. Baba mmoja aliuza mbuzi huko Sengerema.

Kuomba kazi za serikali kupitia Ajira Portal ni bure. Kampuni inayotaka upimwe afya itakupeleka hospitali na bili ni yao, au utalipa mwenyewe dirisha la hospitali ukiwa umesimama hapo, sio kwenye laini ya afisa rasilimali watu. Ukiona tangazo lina jina la kampuni kubwa, usipige namba iliyopo kwenye tangazo, tafuta namba ya kampuni kwa njia yako mwenyewe au mwombe mtu anayefanya kazi kule akuulizie. Na kazi ya nje ya nchi ya kukaa kwenye kompyuta, mshahara dola elfu, tiketi wanakukatia wao, Thailand au huko jirani yake, naomba sana msiikimbilie. Kuna vijana wa Kenya na Uganda waliahidiwa hivyo wakajikuta Myanmar wamefungiwa kwenye majengo wanalazimishwa kuwatapeli wengine kwa simu.

Kazi za mtandaoni za kweli zipo, siwakatishi tamaa. Kuna dada hapa mtaani anatafsiri, kuna kijana anahariri video. Lakini wao wana kitu wanachojua kufanya, ilichukua miezi kupata mteja wa kwanza, na tovuti inayowaunganisha na wateja inakata asilimia yake kwenye malipo yao baada ya kazi. Inakata humo humo, umeona?

Laini yako usiikodishe

Hili wengi hawalijui na linanitia hofu kuliko mengine. Kijana anafuatwa, anaambiwa hatutaki hela yako hata mia, sisi tunataka utupokelee tu, wateja wetu watatuma kwenye namba yako, wewe unatoa kwa wakala unatuma huku tunakoelekeza, asilimia 5 inabaki kwako. Au wanamnunulia laini, anasajili kwa kidole chake na NIDA yake, anawaachia kwa 20,000. Yule "mhasibu" wa mama mdogo, lile jina nililoliona, sitashangaa kama alikuwa kijana wa namna hiyo.

Laini imesajiliwa kwa alama yako ya kidole. Mtu akitapeliwa akaenda polisi, jina linalosoma ni lako, wala sio la yule dada wa Telegram. Kwahiyo usipokee hela ya mtu usiyemjua kwa niaba ya mtu usiyemjua. Na leo hii, kabla hujaendelea kusoma, piga *106# uangalie ni laini ngapi zimesajiliwa kwa NIDA yako. Ukikuta namba usiyoijua nenda na kitambulisho chako kwenye duka la mtandao husika wakaifute. Hao wa kazi za nyumbani wanapenda sana kuomba picha ya NIDA na picha yako umeishika karibu na uso, eti kwa ajili ya mkataba. Ukishawapa hujui itasajili nini wala itakopea wapi.

PIN yako na zile namba za uthibitisho zinazoingia kwa meseji usimtajie mtu, hata akijua jina lako kamili na kijiji ulichozaliwa. Akikupigia mtu anasema ni huduma kwa wateja, angalia namba. Mtandao unapiga kwa 100. Ikiwa ni namba ya kawaida ya tarakimu kumi kata simu.

Namna ya kuhakikisha

Watakuonyesha cheti cha BRELA na kinaweza kuwa cha kweli kabisa. BRELA inasajili kampuni tu, iwe ya kuuza viatu au kulima nyanya, basi. Kupokea akiba za watu au kukopesha kunahitaji leseni ya Benki Kuu, na kukusanya hela za watu kwa ajili ya kuziwekeza kunahitaji ruhusa ya Mamlaka ya Masoko ya Mitaji na Dhamana, hawa wanaitwa CMSA. Kwahiyo usiulize mmesajiliwa, uliza mna leseni ya kupokea hela ya uwekezaji kutoka kwa nani, namba ngapi, afu nenda kwenye tovuti ya huyo aliyeitoa utafute jina lao. Orodha zipo wazi. Benki Kuu ina tawi hapa hapa Mwanza, ukiwa na hela nyingi unayotaka kuiweka mahali, asubuhi moja ya kwenda kuuliza haikupunguzii kitu.

Aplikesheni za mikopo nazo zimo humu. Novemba 2024 Benki Kuu ilitoa orodha ya majukwaa na aplikesheni 69 zinazokopesha bila leseni. Nyingi zinaomba ruhusa ya kusoma namba zote kwenye simu yako, ukichelewa kulipa wanawapigia wakwe zako. Nimeona mtu anatoroka hizo kausha damu za kwenye simu kwa kwenda kuweka hela kwenye VIP 2 ili alipe deni, na huko nako ikaliwa.

Kama tayari umeingia na unajiambia labda hawa ni wa kweli, fanya hivi: omba kutoa zote leo. Sio faida, zote, na mtaji. Usiongeze hata mia mpaka ziwe kwenye simu yako na umezitoa kwa wakala umezishika. Wakikuambia subiri siku 30, au ongeza kidogo ufikishe kiwango cha kutolea, jibu umeshalipata.

Na lingine la kawaida tu ambalo limeokoa wateja wangu kadhaa: ukiambiwa nafasi inafungwa leo saa sita usiku, lala. Kesho asubuhi mwambie mtu mmoja mzima nyumbani, mume, mke, dada, mjomba, mwambie kwa mdomo wako, ninaweka hela hii, kwa mtu huyu, atanilipa hivi. Ukiona unatafuta namna ya kumficha, jiulize unaficha nini. Matapeli wenyewe wanasema usimwambie mtu, watakuonea wivu.

Ukishapigwa

Acha kutuma. Najua inauma kuacha 412,000 ikining'inia pale kwa sababu ya 60,000, lakini ile haipo, iliyopo ni hiyo 60,000 uliyobaki nayo.

Kama umetuma dakika hizi, piga 100 sasa hivi, usisubiri kufika nyumbani, ukiwahi kabla hajaitoa kuna nafasi ya kuizuia. Usifute meseji hata moja, piga picha grupu, namba, jina lililokuja wakati wa kutuma, namba ya muamala. Zile namba za matapeli tuma kwenda 15040, hiyo ni ya TCRA, mamlaka ya mawasiliano, na hata kama wewe umeshaliwa itamsaidia atakayefuata. Nenda polisi uchukue RB, ile namba ya taarifa uliyotoa, ueleze ni kosa la mtandao, tuna Sheria ya Makosa ya Mtandao tangu 2015 na kuendesha upatu wa namna hii ni jinai, kwahiyo usikubali mtu akuambie uliyataka mwenyewe. Badilisha PIN.

Afu baada ya wiki moja mbili atakuja mwingine. Atasema ni wakili, au ni mtaalamu wa kudukua, au ni afisa wa Benki Kuu, hela yako imepatikana, lipia 40,000 ya kufungulia faili. Namba yako wameipata kutoka kwa wale wale, au ni wale wale. Wanajua nani ameshawahi kutoa. Mama mdogo walimpigia siku ya kumi na mbili.

Na ninyi mnaokaa na mtu aliyetapeliwa, msimcheke na msimfokee mbele ya watoto. Mama mdogo alikaa wiki nzima hajaenda Mwaloni, akasema anaumwa, kumbe alikuwa anaona aibu kupita mbele ya kibanda changu. Mimi ndo nilimfuata. Nikamwambia mama mdogo na mimi nilituma, tuko wawili. Kuna mtu alikuja kuniuliza swali dirishani kwa sababu tu alisikia habari yake, na 200,000 yake mpaka leo anayo.

Mwisho toa hiyo aplikesheni kwenye simu, maana nyingi hazijatoka kwenye duka rasmi la programu, uliipakua kwa linki na hujui inasoma nini humo ndani. Kwanza nenda kwenye mipangilio uondoe ruhusa zake zote, afu ndo uifute, na ukiweza rudisha simu kwenye hali ya kiwandani baada ya kuhifadhi picha zako na zile skrinshoti za ushahidi. Siku namfutia mama mdogo ilikuwa bado inafunguka, na bado inasoma 412,000. Nikawa nimeshaweka kidole, akanishika mkono. Akasema, "Subiri mwanangu, ipige picha kwanza. Tukienda kuchukua RB nataka waione na wao."